Waini nyekundu ya elfu ishirini kwa ajili ya sendofu: nitajuaje kama ni nzuri?

Mweka Hazina wa Mbezi

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mweka hazina wa kamati ya sendofu ya binti wa dada yangu, na kwa kuwa ndiye ninayeshika mkoba, nimetwishwa na vinywaji juu yake. Bia haina shida. Soda haina shida. Shida ni waini nyekundu. Kamati imepitisha shilingi 15,000 hadi 30,000 kwa chupa, na meza ya wazee pamoja na meza ya wakwe lazima ziwe na kitu kinachoeleweka. Makundi yameshajitokeza. Shangazi wa bibi harusi mtarajiwa anasema waini isiyo tamu ni kwinini. Kijana mmoja wa benki anasema waini tamu ni juisi, na wakwe wakiona juisi watatusema hadi Moshi.

Nimepita supamaketi nikanunua chupa tatu za kujaribia: nyekundu kavu ya Dodoma kwa 16,000, Pinotage ya Afrika Kusini kwa 27,000, na nyekundu tamu ya huko huko Afrika Kusini kwa 22,000. Jana usiku nikafungua ya Dodoma. Sebuleni, kiyoyozi kibovu, fundi tangu juzi ananiambia yuko njiani. Nilichoandika kwenye daftari la michango ni hiki: "Inachoma koo. Inakausha ulimi. Harufu ya spiriti. Mwishoni chungu kidogo." Mume wangu, ambaye ni mtu wa bia, kamaliza glasi yake akasema safi tu.

Naomba msinijibu "inategemea na mtu". Hilo nalijua, ndiyo maana nina kamati ya watu kumi na nne wenye midomo kumi na nne. Ninachotaka kujua ni hiki: mtu anayejua kazi, akipewa chupa ya elfu ishirini, anaanza wapi na anaishia wapi hadi aseme hii imestahili hela yake au haikustahili?

Kobe wa Ubungo

Dada, nunua ile tamu mada ifungwe. Nimekula sendofu za kutosha mji huu. Ile kavu hurudi jikoni ikiwa nusu glasi, wahudumu ndio wanaoimaliza.

Kijana wa Hombolo

Dada mweka hazina, pole na mkoba. Mimi nimezaliwa Hombolo, nyumbani tuna shamba la zabibu, na kwa sasa nipo kaunta ya hoteli hapa Dodoma mjini. Waini hii naijua tangu ikiwa inapogolewa.

Kabla hatujaihukumu chupa yako naomba nikuulize: ulipoimimina ilikuwa na joto gani? Maana wale wanaosema waini nyekundu inywewe kwa joto la chumba, chumba wanachokisema ni cha Ulaya, nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Mbezi bila kiyoyozi inafika 30. Kwenye nyuzi 30 kilevi kinaruka puani kwanza, tunda linafuata likiwa limechelewa, na waini ya asilimia 13 au 14 inanuka spiriti na kuunguza koo. Ungefungua chupa ya laki tatu kwenye sebule hiyo hiyo, daftari lako lingeandikwa maneno yale yale. Hapa kaunta ndilo jambo ninalogombana nalo kuliko yote. Mgeni anarudisha glasi, anasema waini yenu kali, naenda nyuma nakuta chupa ilikuwa imesimama juu ya friji, pale injini inapotoa joto.

Kwa hiyo iliyobaki, kama uliifunga ukaiweka kwenye friji, itoe, iache mezani dakika kama 20, halafu onja upya. Ambayo haijafunguliwa ipe dakika 40 za friji. Siku ya shughuli tumia ndoo yenye barafu NA maji, robo saa inatosha. Maji usiyaache, barafu tupu inagusa chupa hapa na pale tu.

Sasa kuonja kwenyewe.

Kwenye macho sikai sana. Mimina kidogo, usivuke theluthi ya glasi, glasi nyeupe isiyo na maua, uiinamishe juu ya karatasi. Ikiwa nyekundu yenye uzambarau ukingoni bado changa. Ikianza kuvuta rangi ya tofali ina umri. Waini ya bei hii ya juzi tu ikiwa na rangi ya tofali, basi imeteseka mahali, dirishani au kwenye lori. Mashapo kidogo chini ya chupa hayana neno.

Pua ndiyo yenye kazi. Nusa kwanza bila kutikisa. Kisha shika glasi kwenye mguu wake, izungushe juu ya meza, nusa tena. Mimi pua yangu inatafuta ubovu kabla ya uzuri. Harufu ya boksi lililolowa maji ni kizibo kimeiharibu, na hiyo haitoki hata ungeiacha wazi usiku kucha. Siki, au ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, ni bakteria wameingia. Kama tunda linanuka kupikwa, kama jamu iliyoungua, chupa ilikaa kwenye joto. Harufu ya kiberiti kilichowashwa usiogope, zungusha glasi dakika mbili tatu, mara nyingi inapotea. Ubovu ukishautoa njiani ndipo unauliza: ni tunda gani hili? Zabibu ya Makutupora, ambayo ndiyo nyekundu inayolimwa sana huku kwetu, mimi hunipa zambarau zilizoiva. Kukiwa na zabibu ya Syrah ndani, nyuma yake nakuta pilipili manga. Wewe huenda ukapata kingine, andika hicho hicho chako. Usiandike "blackberry" ambayo hujawahi kuila.

Mdomoni piga funda la kutosha, lizungushe hadi kwenye ufizi, usimeze haraka. Ule ukavu ulioandika ni ukakasi, umetoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Ukitafuna bibo unaupata ule ule. Juisi ya zabibu nyingi nyekundu ni nyeupe ukiikamua, rangi na ukakasi vyote vimo kwenye ganda, ndiyo maana nyekundu huachwa ichachuke pamoja na maganda yake. Ukakasi si kosa. Unachopima ni tabia yake: unafunika ulimi wote kwa usawa halafu unaondoka, au unakwaruza sehemu moja na kukwama? Waini rahisi iliyokamuliwa kwa pupa inakwaruza, na ule uchungu wa mwishoni mara nyingi ni mbegu zimebanwa mno.

Uchachu utaujua kwa mate. Ukishameza, mate yakija pembeni mwa ulimi, uchachu upo, na unahitajika, maana bila huo waini inalala mdomoni. Tatizo ni pale unapokukunja uso. Utamu nao una mtego. Watu wengi wanasema "hii ina sukari" kumbe ni harufu ya tunda lililoiva inawadanganya. Ziba pua uonje tena. Utamu ukibaki palepale ni sukari kweli. Ukipotea, ilikuwa harufu.

Ukimeza, hesabu kimoyomoyo. Ladha nzuri inakaa muda gani? Kwa bei yako, ikikaa hadi kumi mimi naiheshimu. Ikikatika papo hapo ukabaki na ukali wa kilevi peke yake, hapo hela imeliwa.

Kwenye elfu ishirini sidai maajabu. Nadai isiwe na ubovu, nilione tunda, na pasiwe na kitu kimoja kinachowapigia kelele wenzake: ukakasi, uchachu, kilevi na tunda viwe vimekaa pamoja. Waini nyingi za bei hii zinaanguka hapo kwenye kukaa pamoja, hasa kilevi kikiwa juu na tunda likiwa jembamba. Habari za tabaka tano za harufu na ngozi ya zamani waachie wenye laki.

Halafu bei isikutishe. Mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za ndani unatozwa ushuru wa bidhaa mdogo kuliko ule wa nje, na haujapanda meli. Kwa hiyo 16,000 yako na 27,000 ya Pinotage usizipime kama ngazi ya kwanza na ya pili. Sehemu ya tofauti hiyo imeenda bandarini na serikalini, kwenye glasi haimo. Bei ya kilo tunayopewa sisi wakulima ni mada nyingine, nisije nikaanza kulia hapa.

Mweka Hazina wa Mbezi

Kijana wa Hombolo, Mungu akubariki. Iliyobaki nilikuwa nimeifunga ikalala friji. Nimeitoa saa kumi na mbili, nikaipa dakika 20 kama ulivyosema. Ile spiriti imepungua sana, siwezi kusema imeisha. Zambarau nimeziona, sikuambiwa na mtu, zimo, na kitu kama ukwaju mwembamba. Ukakasi bado unakwaruza, hasa mbele karibu na meno. Nilihesabu, nikafika sita.

Swali: kwa nini chupa nyingine ya kampuni ile ile niliyoinywa harusi moja mwaka jana ilikuwa laini kuliko hii? Au ni kumbukumbu ya sherehe tu?

Kijana wa Hombolo

Sita kwa 16,000 si haba.

Inaweza kuwa kumbukumbu, inaweza kuwa zabibu. Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka. Huku hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, kwa hiyo ukiupogoa unaanza upya, na sisi ndio tunaopanga. Mavuno ya Agosti na Septemba yanaivia kwenye kiangazi: jua kali, usiku wa baridi maana tuko mita 1,100 na ushee juu ya bahari, mvua hakuna, maji unayapima mwenyewe. Zabibu inajaa sukari na ganda linakomaa vizuri. Mavuno ya Machi yanaivia kwenye mvua. Tunda linavimba maji, ukungu unasumbua, na mkulima mwenye hofu anachuma mapema kabla hayajaoza. Ganda ambalo halijakomaa ndilo linaloleta ukakasi wa kukwaruza. Hata baba yangu, ambaye hanywi kabisa, akitafuna mbegu anakuambia kama shamba liko tayari: mbegu ya kijani subiri, mbegu ya kahawia inayovunjika, leta matenga.

Mtengenezaji mzuri anajua kurekebisha na kuchanganya, kwa hiyo mnywaji hapaswi kusikia tofauti kubwa. Lakini tofauti zipo. Ushauri wangu: ukiipata inayowafaa, nunua zote kwa pamoja, katoni zenye namba ile ile ya toleo. Usinunue sita leo na nyingine wiki ya shughuli.

Mstaafu wa Msasani

Nawasoma nacheka. Zambarau, ukwaju, ukakasi! Mwaka 2001 huko Bordeaux, kwenye chuo kinachofundisha mambo haya haya, wanafunzi 54 walipewa waini nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wakaieleza kwa maneno ya waini nyekundu. Mwaka 2008 watafiti wa California wakawapa watu waini ile ile mara mbili, mara moja wameambiwa dola 10, mara nyingine dola 90. Wakaipenda ya 90, na vipimo vya ubongo vikaonyesha wamefurahi kweli kweli. Dada, weka hela kwenye nyama. Waini mimina kwenye jagi la kioo watu wasione lebo.

Kijana wa Hombolo

Mzee shikamoo. Majaribio yote hayo mawili nayakubali, na ndiyo sababu hapa kazini tunafunika chupa kabla ya kuamua ipi iingie kwenye orodha. Wale wa Bordeaux walidanganywa na macho na wale wa California walidanganywa na bei. Ukificha vyote viwili, mtu anabaki na pua yake. Dada, zivalishe foili hadi shingoni, uziandike A, B, C, na anayemimina asiwe anayeonja. Wajumbe waandike kimya kimya kabla mtu yeyote hajafungua mdomo, maana shangazi akishatamka "kwinini" wote wataonja kwinini.

Jagi la kioo si wazo baya kwa ile inayokwaruza, hewa itaituliza kidogo. Ila hapo wakwe wanaweza kudhani ni rosela.

Mbongo wa Paarl

Nipo Cape, nafanya kazi kwenye ghala la waini, ngoja nichangie upande wa Pinotage.

Zabibu hii ilizaliwa Stellenbosch mwaka 1925. Profesa Perold alichanganya Pinot Noir na Cinsaut, na Cinsaut wakati huo huku iliitwa Hermitage, ndiyo jina likawa hivyo. Ni zabibu yenye makeke. Ikichachushwa kwa joto kubwa inatoa harufu ya rangi ya mafuta au ndizi mbivu kupita kiasi, na zile za zamani zilisifika kwa harufu ya mpira ulioungua. Ikilelewa vizuri inatoa tunda zito jekundu na kamoshi kidogo.

Ukifungua ya 27,000 ukakutana na kahawa na chokoleti kali, ujue huo ni mti. Kuna mtindo mzima wa Pinotage ya kahawa, wanatumia vipande vya mwaloni vilivyochomwa sana, maana pipa zima ni ghali mno kwa waini ya bei hiyo. Watu wanaipenda, inauzika, sina ugomvi nayo. Lakini unapoipima jiulize kama chini ya kahawa kuna tunda lolote. Nyingine ukiitoa ile kahawa unabaki na maji na kilevi.

Kitu kingine, angalia shingo ya chupa. Nyingi za huku zina kibandiko kidogo chenye namba. Maana yake imekaguliwa, na kinachodaiwa kwenye lebo kuhusu eneo, mwaka na aina ya zabibu kimethibitishwa. Utaratibu huo wa asili ya mvinyo upo tangu 1973. Lebo ikisema Pinotage, angalau asilimia 85 ni Pinotage, na mwaka nao hivyo hivyo. Ikisema "Western Cape" tu, zabibu zimeokotwa popote katika eneo kubwa, bei inapaswa kuwa ya chini. Ikitaja Stellenbosch au Paarl una haki ya kudai zaidi.

Na ile tamu: soma asilimia ya kilevi. Ikiwa 8 au 9 uchachukaji ulisimamishwa sukari ikiwa bado nyingi. Hiyo ipozwe kabisa kama soda, ndipo inapendeza. Ikinywewa vuguvugu inachosha glasi ya kwanza tu.

Dada wa Majiko

Mimi napika shughuli, sinywi, lakini nimeona sahani nyingi zikirudi. Mweka hazina, menyu ni ipi? Nyie mnaonja waini kavukavu kama wataalamu, wageni wataonja wakiwa na pilau mdomoni. Na pilipili ya kachumbari ikikutana na hiyo inayochoma koo, moto unazidi. Nimeshasikia wageni wakilaumu pilipili yangu kumbe ni glasi yao. Onjeni na chakula.

Mweka Hazina wa Mbezi

Jamani, tumefanya. Kikao cha kamati kimegeuka maabara. Dada wa Majiko, nilikusikia, nikaagiza pilau ya nyama, mishkaki ya ng'ombe na kachumbari, pilipili pembeni. Chupa nilinunua mpya nne: A Dodoma ile ile, B Pinotage ile ile, C nyekundu kavu nyingine ya Dodoma ya 19,000, D ile tamu. Foili hadi shingoni. Aliyemimina ni mwanangu wa kidato cha nne, alikaa jikoni na hakuonja tone. Zote zilitoka friji saa moja kamili, D nikaiacha kwenye barafu.

Ya kwanza kabisa tuliyofungua ya C ilikuwa mbovu. Boksi lililolowa, neno kwa neno kama Kijana wa Hombolo alivyoeleza, hata shangazi alivuta pua akasema "mbona inanuka stoo". Muuzaji hakubisha, nilimrudishia na risiti akanipa nyingine, tukaonja hiyo ya pili siku iliyofuata wajumbe tisa tu.

Bila chakula, B iliongoza kwa mbali. Inanukia, kahawa ipo na kwa kweli nilipoitafuta cheri nyeusi chini yake niliikuta. Kijana wa benki akasema hii ni ya nje, iko wazi. Kikaja chakula. Kwenye pilau ile kahawa ikaanza kugombana na bizari na mdalasini, ikawa kama mtu kamwaga unga wa kahawa kwenye sahani. Kwenye mishkaki ilirudi vizuri.

A bila chakula wengi waliipa mbili kati ya tano. Kwenye mishkaki ule ukakasi wa mbele ukalainika, sijui umekwenda wapi. Watu wanne wakabadilisha alama zao. Na pilipili ilikuwa balaa, hapo Dada wa Majiko una haki yako.

C ndiyo iliyonishangaza. Haina harufu kubwa, ukiinusa unasema hii ya kawaida. Lakini uchachu wake unasafisha mafuta ya pilau, funda linaisha unataka tonge, tonge linaisha unataka funda. Nilihesabu hadi tisa. Hakuna aliyeipa tano, na hakuna aliyeipa chini ya tatu. Ilipofika nusu ya kikao hicho cha siku ya pili, chupa iliyokwisha ni C, B ilikuwa bado robo tatu. Mimi nimeamini chupa inayokwisha kuliko karatasi za alama.

D, shangazi na kundi lake hawakutetereka. Foili au bila foili, waliitambua na kuipa tano. Nikamwambia azibe pua, akaziba, akasema "sukari ipo, na nimeikuta, tatizo liko wapi?" Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo nimepeleka pendekezo: C kwa meza zote zinazotaka kavu, D ya baridi kwa kundi la shangazi, na B chupa chache meza kuu kwa sababu kijana wa benki ana kura. Limepita. Sasa nisaidieni hesabu. Wageni 200, waliosema watakunywa waini kama 70. Chupa ngapi? Na je, zile za boksi la lita 5 kwa meza za nyuma?

Kijana wa Hombolo

Hongera sana dada, hiyo ya kuangalia chupa inayokwisha na sisi kaunta tunaitumia.

Hesabu: chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano za mililita 150. Wanywaji 70, glasi mbili mbili, ni glasi 140, sawa na chupa 28. Ongeza kidogo kwa ajili ya zitakazomwagika na wale waliosema hawanywi halafu wakaona jirani anakunywa. Mimi ningechukua 36, katoni sita za chupa sita. C ziwe katoni tatu, D mbili, B moja. Usiniulize kwa nini D mbili wakati kundi la shangazi ni dogo. Meza za wakina mama zitahamia huko baada ya keki.

Boksi la lita 5 ni sawa na chupa sita na ushee, na ndani lina mfuko unaosinyaa kadiri unavyomimina, hewa haiingii, kwa hiyo halichachi usiku mmoja. Kwa meza za nyuma halina ubaya wowote, ila lionjeni kwanza kwa utaratibu ule ule. Na lipoze mapema, ukubwa ule unahitaji masaa kadhaa ya friji, robo saa ya ndoo haitoshi.

Waambie wahudumu wasijaze glasi hadi juu. Theluthi, waongeze mtu akimaliza. Ikijazwa inapata moto mezani kabla haijafika nusu, na hapo ndipo zinaporudi jikoni kama alivyosema Kobe wa Ubungo.

Kobe wa Ubungo

Nimetajwa kwa heshima. Nifikishieni kadi.

Mweka Hazina wa Mbezi

Kobe, kadi ni mchango kwanza, double ni laki.

Kijana wa Hombolo, 36 imepita. Muuzaji amekubali kwa mdomo kupokea zitakazobaki ambazo hazijafunguliwa.

Kijana wa Hombolo

Aandike kwenye risiti. Na zisiingie zote kwenye barafu kwa mkupuo, ingizeni sita sita kadiri zinavyokwisha. Lebo ya karatasi ikilowa inabanduka, na chupa isiyo na lebo hatakupokelea.